Kifuniko Ndani ya Kifuniko

Jumapili, Julai 2007. Kitengela.

Baridi ya mwezi wa saba haina adabu. Mawingu yamelala chini tangu asubuhi, upepo unatulisha vumbi, na mlango wa hii saiba ya kulipia intaneti haufungiki vizuri. Nimelipia saa moja. Nitaandika haraka na kwa hasira, kwa hivyo makosa ya chapa mnisamehe.

Leo nimesimama kanisani bila kuitwa.

Na kesho saa mbili asubuhi huenda sitakuwa na kazi.

Kwa mgeni aliyeingia kwenye blogu hii leo: naitwa Mumbua. Nilizaliwa upande wa Machakos, nikakulia hapa Kitengela baada ya baba kupata kazi ya saruji miaka ya tisini. Huu ni mwaka wangu wa nne nyuma ya kaunta ya duka la dawa za mifugo. Mwenye duka ni Bwana Wekesa, mtu wa magharibi, na ni mzee wa kanisa letu. Si mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu nikifika mwisho nitakuwa nimelisahau.

Dawa inayotoka sana kwetu ni ya kupe. Inakuja ikiwa kali, lazima uichanganye na maji kabla ya kumpaka ng'ombe. Ikiwa nyepesi mno, kupe wanaoga tu na kuendelea na maisha. Ikizidi ukali, inamuua yule yule uliyetaka kumkinga. Kwa hivyo kazi yangu yote, ukiitazama vizuri, ni kumwambia mtu kiasi gani cha hiki kinaingia kwa kiasi gani cha kile. Karatasi ya kiwandani inaeleza hayo kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kama kupe wenyewe.

Sasa, mimi nilikuwa hodari wa akisami. Darasa la saba, mwaka wa tisini na nne, mwalimu wetu wa Kiswahili alitukaririsha mpaka ulimi ukauma: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumni, tusui, ushuri. Aliyekwama kwa subui alipiga magoti mbele ya darasa. Mimi sikupiga magoti hata siku moja, na nilihakikisha kila mtu anajua.

Nilipoingia dukani nikaona wateja hawasomi ile karatasi ya Kiingereza, wanauliza tu. Nikaamua kuandika karatasi zangu kwa Kiswahili, kwa mkono, na kuzibandika kwenye chupa kwa gundi. Za kwanza niliziandika kwa fahari yangu yote ya darasani: "Ushuri wa chupa kwa ndoo moja." Yaani sehemu moja ya kumi. Mzee mmoja akaigeuza chupa, akaisoma polepole, akaniuliza kama siku hizi kanju, yaani baraza la mji, inatoza ushuru hadi kwa dawa ya kupe. Duka zima likacheka. Mimi nilinuna siku mbili.

Baadaye nikabandua zile karatasi, nikaandika upya: "Kifuniko kimoja, ndoo moja."

Hapo kila mtu akaelewa. Kifuniko kiko juu ya chupa, huwezi kukisahau nyumbani, na haijalishi ulisoma au hukusoma. Watu waliacha hata kuuliza. Nilijiona nimeishinda shule.

Mwezi uliopita kiwanda kikabadilisha chupa. Hii mpya ni kubwa, na kifuniko chake ni kikubwa. Maelezo ya Kiingereza yalikuwa sawa sawa, mililita kumi kwa ndoo, hakuna lililoharibika hapo. Sasa niseme jambo ambalo sijamwambia mama wala rafiki yeyote.

Nilikiona.

Nilifungua katoni kwa mikono yangu, nikashika kile kifuniko, nikawaza: vizuri, hiki hakitapotea ovyo. Basi. Hayo tu ndiyo niliyowaza. Kisha nikachukua karatasi zangu za zamani nilizokuwa nimeandika nyingi kwa mpigo, nikazibandika kwenye chupa mpya. Kifuniko kimoja, ndoo moja.

Alhamisi Koko Nashipai akaingia dukani. Ni mama mzee Mmaasai wa upande wa Isinya, mjane, mteja wetu tangu kabla sijaajiriwa. Huwa anaingia na salamu, anauliza habari za mama, anacheka na kila mtu. Alhamisi hakuuliza habari za yeyote. Alifungua pembe ya shuka aliyokuwa amefunga fundo, akatoa vifuniko viwili, akaviweka juu ya kaunta. Kimoja kidogo, kimepauka kwa jua. Kingine kipya. Akakitumbukiza kidogo ndani ya kikubwa na kikazama chote.

"Hii kubwa ni hii ndogo mara ngapi?" akaniuliza.

Nilichukua maji ya birika, nikajaza kidogo, nikamimina kwenye kikubwa. Nikajaza tena, nikamimina. Kikajaa hadi ukingoni.

"Mara mbili, Koko."

"Ndama wangu nne," akasema. "Ilitetemeka, mate ikatoka, ikalala. Hata jua haikuwa imepanda vizuri."

Hakupiga kelele. Hakudai kitu. Alirudisha vifuniko kwenye shuka, akafunga fundo, akaenda zake. Nilibaki nimeshika birika.

Bwana Wekesa alisikia yote kutoka stoo. Ijumaa asubuhi akaja na mpango. Mwakilishi wa kampuni anakuja Jumatatu, na kabla hajafika kuna mambo mawili ya kufanya. La kwanza, nibandue karatasi zangu zote kwenye chupa zilizobaki na kuzichoma. La pili, nitie sahihi taarifa aliyokuwa ameshaiandika, mistari mitatu tu, kwamba mteja hakufuata maelekezo.

Nilimwambia zile karatasi nitazibandua kweli, kwa sababu ni hatari, na niweke nyingine za "nusu kifuniko". Lakini kuna chupa kumi na moja tayari ziko nje. Moja ilikuwa ya Koko. Kumi ziko kwa watu, na kila moja ina mwandiko wangu unaowaambia waue ndama. Nipewe siku mbili nitafute wenye hizo chupa.

"Mumbua, ukianza kutembea ukisema ni makosa yetu, hii duka imeisha," akasema. "Na wewe umeisha nayo. Watu watajua wenyewe. Kila mtu ako na macho."

Kila mtu ako na macho. Mimi nina macho pia, na nilikiona kifuniko.

Nilibandua karatasi. Sikuzichoma. Moja iko hapa kwenye mkoba, pamoja na ile taarifa ambayo bado haina sahihi.

Ijumaa hiyo baada ya kazi nilifungua kamusi yangu ya shule, ile iliyopoteza jalada. Sijui nilikuwa natafuta nini, labda mtu wa kumlaumu. Nikaanza na maradufu, kwa kuwa ndilo lililoua ndama. Nikasoma kwamba asili yake ni Kiarabu, kukunja kitu kikawa tabaka mbili, na kwamba zamani kulikuwa na kitambaa kizito cha jina hilo. Nusu, robo, thuluthi, zote zimetoka huko huko. Kasorobo vile vile, kipande kwa kipande: kasoro ni upungufu, robo ni robo. Sumuni niliyotumwa nayo dukani nikiwa mdogo ni thumni ile ile ya darasani, sehemu ya nane, ingawa kwetu ilikuwa nusu ya shilingi na hakuna aliyejiuliza nane ya nini. Jina lilikuwa limebaki kwenye sarafu, na ile hesabu iliyolizaa ilikuwa imekwenda zamani.

Kisha nikafika ushuri. Na ushuru. Ni ndugu! Zote zimetoka kwenye sehemu ya kumi iliyokuwa ikitozwa watu. Yule mzee aliyelichekesha duka na kanju yake alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi na akisami zangu zote.

Nikafunga kamusi nikiwa nimekasirika zaidi. Miaka kumi na mitatu nimejisifu kwa subui na tusui, na sijawahi kumsikia mtu yeyote Kitengela, Isinya wala Kajiado akiomba subui ya kitu chochote. Nusu na robo zimeishi kwa sababu zilikubali kwenda sokoni, zikapimiwa nyama na sukari na mafuta ya taa. Zile nyingine zilibaki ubaoni zikilindwa na viboko. Na kanisani, pale ambapo sehemu ya kumi inatajwa kila Jumapili, sijasikia mtu akisema ushuri. Wanasema fungu la kumi. Fungu ni neno letu, kumi ni neno letu. Bibi ambaye hajui hata kusoma jina lake anajua fungu la kumi ni kiasi gani cha mahindi yake.

Sisemi maneno ya Kiarabu ni mabaya. Ni yetu sasa, tumeyavaa mpaka yametukaa. Ninachokataa ni neno la kipimo ambalo anayepima halijui. Na nakataa zaidi kitu nilichofanya mimi: nilipoona maneno yangu makubwa hayaeleweki, sikutafuta neno lingine la kipimo. Niliwapa kifuniko cha plastiki nikaacha kufikiri. Ningeandika "fungu moja la dawa kati ya mafungu kumi ya chupa ndogo", nao wangeniuliza, na mimi ningejibu, na siku chupa ilipobadilika tungejua wote. Kifuniko hakikuulizwa na mtu.

Jumamosi niliomba ruhusa ya nusu siku, nikaenda Isinya, nikatembea kutoka barabarani hadi kwa Koko. Njiani nilijizoeza maneno. Nilikuwa na hotuba nzuri kabisa.

Alikuwa mlangoni mwa boma. Zizi la ndama lilikuwa wazi, na ng'ombe wawili walikuwa wamesimama hapo wakilia, wamekataa kwenda malishoni na wenzao.

"Takwenya," akanisalimu, yeye mwenye haki ya kuninyima salamu.

"Iko," nikaitikia, na hotuba yote ikanitoka. Nikasema tu, "Koko, ni mimi. Niliona kifuniko ni kikubwa. Sikufikiria. Nikakuambia kimoja."

Alinipa chai kwanza. Nilipoinywa nusu ndipo akasema.

"Nilijua. Mimi sikupima na kifuniko, nakerai. Nilipima na mdomo yako."

Sijawahi kuambiwa neno zito hivyo na mtu aliyeniita mtoto. Nilitaka kulia, na nililia. Alingoja nimalize.

"Nani mwingine alinunua?"

"Watu kumi, Koko."

"Wanajua?"

Nikaweka kikombe chini.

"Sasa umekuja kwangu kufanya nini?" Hapo ndipo alipokasirika, mara ya kwanza. "Yangu imekufa. Enda kwa hao."

Akafungua shuka, akanipa vifuniko vyote viwili, akainuka kwenda kuwafukuza wale ng'ombe wawili kutoka zizini. Hakunisindikiza.

Kwa hivyo leo.

Bwana Wekesa ndiye husoma matangazo kanisani. Alisoma ya kina mama, akasoma ya vijana, akatukumbusha fungu la kumi kwa sauti yake ile nzuri. Kisha akauliza, kama anavyouliza kila Jumapili, kama kuna mwenye tangazo lingine. Hakuna anayejibu swali hilo. Huulizwa ili tupate kusimama kwa wimbo.

Nikasimama peke yangu.

Nilikwenda mbele na vifuniko mkononi. Dada Naserian, anayetafsiri ibada kwa Kimaasai, alinitazama akahamia karibu nami bila kuambiwa. Nikasema: mimi ni Mumbua wa duka la dawa. Kama ulinunua dawa ya kupe tangu mwezi uliopita na chupa ni kubwa, usichanganye. Karatasi iliyobandikwa ni yangu na ina makosa. Nikainua vifuniko viwili. Hiki kidogo ndicho mlichozoea. Hiki kikubwa kinabeba vidogo viwili. Tumia nusu yake. Ukishindwa kujua nusu, njoo kwangu.

Sikusema maradufu. Sikusema uwiano. Naserian alitafsiri, na nikamwona akiinua vidole viwili, akakunja kimoja. Bibi wote wa benchi la nyuma wakainua vidole viwili, wakakunja kimoja. Mwalimu wangu wa darasa la saba angeona hiyo angetupa kiboko chake mtoni.

Bwana Wekesa alisimama pale pale na karatasi ya matangazo mkononi. Nikasema jambo la mwisho, na hili sikulipanga. Nikasema ndama wanne wa Koko Nashipai wa Isinya wamekufa, na yeye hakukosea chochote.

Mtu akaanzisha wimbo, nadhani kwa huruma.

Baada ya ibada watu watatu walinifuata nje. Wa kwanza alikuwa bado hajafungua chupa. Wa pili alisema ng'ombe wake wakubwa wako hai lakini alishangaa mbona wanatoa mate, na nimemwambia awapeleke kivulini na kesho amwite daktari wa mifugo. Wa tatu ni mama kijana aliyembeba mtoto. Mume wake anachanganya dawa kesho alfajiri, na wana ndama sita. Alinishika mkono, akakimbia. Kweli alikimbia, na viatu vyake vya Jumapili na mtoto mgongoni.

Hao ndama sita nitawakumbuka mtu akiniuliza kama ilifaa.

Bwana Wekesa alikuja wa mwisho. Alikuwa mpole, na ndiyo maana iliuma.

"Kesho saa mbili," akasema. "Kuja na ufunguo ya duka."

Nimeambiwa nimemwaibisha mtu mzima mbele ya kanisa lake. Ni kweli. Nimeambiwa ningewafuata wateja mmoja mmoja kimya kimya. Pengine. Nimeambiwa msichana asiye na kazi Kitengela ni shida kwa mama yake, na hilo nalijua kuliko anayeniambia, kwa sababu kodi ya nyumba yetu ni mimi. Naogopa. Nimeandika hilo neno na nimeliacha lisomwe.

Lakini siombi msamaha kwa kusimama. Ninaomba msamaha kwa karatasi, na nimekwisha kuuomba kwa mtu anayehusika, ambaye hakuupokea wala kuukataa, alinituma kazi.

Mwenye saiba ananionyesha saa. Zimebaki dakika chache.

Taarifa ya Bwana Wekesa iko hapa kando ya kibodi. "Mteja hakufuata maelekezo." Nimeisoma mara nyingi leo. Alifuata! Neno kwa neno, hadi ukingoni mwa kifuniko. Kwa hivyo nimekata ule mstari kwa kalamu, na chini yake nimeandika: mteja alifuata maelekezo, na maelekezo yalikuwa yangu. Nimebandika hapo karatasi moja ya mwandiko wangu ili mwakilishi aione mwenyewe. Nimetia sahihi, majina yangu yote matatu.

Kumi, toa watatu. Mmoja namjua, yuko nyuma ya soko la ng'ombe Kajiado. Wawili nakumbuka sura tu. Wengine itabidi niulize.

Kesho nina ufunguo mmoja wa kurudisha na watu saba wa kutafuta. Vifuniko ninavyo.